Shangazi Anajibu: Kaka yangu analipwa ashiriki utafiti. Je, si kumnunulia sumu?

Barua ya kwanza

Shikamoo Shangazi,

Kaka yangu anatumia heroini kwa miaka mingi sasa. Juzi karudi nyumbani na pesa mkononi. Nilipombana akasema amezipata kwenye utafiti: wamemhoji, wamemtoa damu wapime virusi vya UKIMWI na homa ya ini, wakampa posho, na wamemwambia arudi baada ya miezi mitatu. Nilikasirika mpaka nikalia. Wale ni wasomi. Wanajua anatumia, wanajua pesa ile inaishia wapi, na bado wanampa taslimu! Kama wanamjali, si wangempa chakula au nguo? Na hilo la kwamba "amekubali mwenyewe" mimi silikubali. Mtu aliyeshikwa na unga anaifuata noti tu. Mama anasema niachane nao, baba anasema niende nikawashtaki. Nisaidie.

Dada Mdogo

Shangazi:

Marahaba, mwanangu. Kabla sijastaafu nilikuwa muuguzi katika kliniki ya metadoni, dawa wanayopewa wenye uraibu wa heroini kama tiba, na baadaye nikakaa kwenye kamati ya maadili inayopitisha au kukataa maombi ya utafiti. Hakuna suala lililotuchelewesha mezani kama hili lako. Ombi la kujaribu dawa mpya lilipita haraka kuliko ombi la kumpa posho mtu anayejidunga. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na nikwambie mapema ninaposimama: kaka yako alistahili kulipwa, na alistahili kulipwa taslimu. Lakini sehemu moja ya hasira yako ni ya haki kabisa, nayo tutaifikia.

Kwanza ujue kwamba hofu yako ina historia. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilifungua mjini Lexington, jimbo la Kentucky, taasisi kubwa iliyokuwa nusu hospitali, nusu gereza, kwa ajili ya watu wenye uraibu. Ndani yake kulikuwa na kituo cha utafiti ambako wafungwa walipewa dawa mpya za maumivu ili ijulikane kama zinaleta uraibu. Waliojitolea waliweza kulipwa kwa dawa yenyewe, mofini au heroini, ikaandikwa kama akiba, na mtu akaja kuichukua siku aliyoitaka. Mambo haya yalielezwa hadharani mbele ya Baraza la Seneti mwaka 1975, na mwaka uliofuata majaribio hayo kwa wafungwa yakasitishwa.

Naitaja Lexington kwa sababu ubaya wake unaonekana ulipo. Aliyelipwa alikuwa mfungwa, hana pa kwenda. Alicholipwa ni kilekile kilichomshika. Na jaribio lenyewe lilikuwa la kumtia mwilini vitu vya kumrudisha alikotoka. Kaka yako aliingia kwa miguu yake, akajibu maswali, akatoa damu, akaondoka. Amelipwa pesa, kama mimi nilivyolipwa kwa kukaa kwenye kamati.

Mwaka 1979 ilitoka Marekani Ripoti ya Belmont, ambayo kamati za maadili duniani kote bado zinaiegemea. Ripoti hiyo ilitenganisha mambo mawili ambayo barua yako imeyaunganisha. La kwanza ni kulazimishwa, na hapo lazima pawe na kitisho. Muuguzi akimwambia mgonjwa, "Usiposhiriki utafiti huu, kesho usije kuchukua metadoni yako," huko ni kulazimisha, na aliyesema hivyo anapaswa kuwajibishwa. Posho haimtishi mtu. Akikataa anabaki vilevile alivyokuja. La pili ni kushawishiwa kupita kiasi: malipo yanakuwa makubwa hata mtu anafumba macho asione hatari iliyo mbele yake.

Sasa hapo pana jambo ambalo hata wajumbe wenzangu walikuwa wakilisahau. Ili pesa imfumbe mtu macho asiione hatari, lazima hatari iwepo. Na kuipima hatari hiyo si mzigo wa kaka yako peke yake. Ni kazi ya kamati, kabla posho haijatajwa hata senti. Ezekiel Emanuel, daktari na mwanamaadili wa Marekani, aliijenga hoja hii mwaka 2004 na mimi naiona imesimama: kama utafiti una hatari isiyokubalika, haufai hata kwa mtu anayejitolea bure, na kama hatari yake inakubalika, basi malipo mazuri hayaufanyi kuwa mbaya. Kupunguza posho hakupunguzi hatari. Hatari inabaki palepale, anayepungukiwa ni mshiriki.

"Lakini Shangazi, pesa inaishia kwenye unga." Watafiti nao walijiuliza hivyohivyo, wakalipima jambo lenyewe. Mwaka 2005 David Festinger na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu waliokuwa kwenye matibabu ya uraibu. Kwa bahati nasibu, wengine walipangiwa dola 10, wengine 40, wengine 70, kwa kuja kwenye mahojiano ya ufuatiliaji baada ya miezi 6. Katika kila kiwango, wengine walilipwa taslimu, wengine kwa vocha za dukani. Baada ya malipo waliangaliwa kama wametumia tena. Kiasi kikubwa hakikuongeza matumizi, taslimu haikuongeza matumizi, na waliolipwa zaidi hawakujiona wamelazimishwa zaidi. Kilichoongezeka ni idadi ya waliorudi. Mwaka 2008 wakarudia kwa viwango vya juu, hadi dola 160, na hofu ileile haikuthibitika.

Je, hakuna hata mmoja anayetoka na posho akaenda moja kwa moja kwa muuzaji? Wapo, mwanangu, nimewaona. Nimewaona pia waliotoka wakalipa deni la kodi ya chumba, na mmoja aliyenunua madaftari ya mtoto kisha akaja kunionyesha. Ninachokataa ni kwamba sisi ndio tuwe wakaguzi. Mwanafunzi wa chuo akishiriki utafiti wa usingizi akalipwa, hakuna anayemfuata kuona kama amekwenda kulewa. Na kaka yako asipolipwa, haja ya mwili wake haiondoki. Ataitafutia pesa mahali pengine, na huko kwingine wewe na mimi tunakujua, kuna vipigo na kuna mahabusu.

Vocha ya chakula uliyoitaja naielewa nia yake, ila fikiria inavyokwenda. Mwenye shida ya pesa huiuza vocha kwa bei ya hasara. Dawa ataipata, ila amenyonywa njiani, na ameambiwa mbele ya watu kwamba haaminiki kushika noti. Kama yeye mwenyewe anaitaka vocha, apewe. Nimekutana na waliosema, "Leo msinipe taslimu, najijua." Hilo ni chaguo lake na linastahili kuheshimiwa, tusimchagulie.

Sasa nije kwenye ile sehemu ya hasira yako ninayoiunga mkono, ya ridhaa. Unauliza kama mtu aliyeshikwa anaweza kusema ndiyo ya kweli. Mwanafalsafa wa Kanada Louis Charland aliandika mwaka 2002 kwamba mwenye uraibu wa heroini hawezi kuridhia utafiti ambao ndani yake anapewa heroini, kwa sababu uamuzi wenyewe umeshatekwa na kile anachopewa. Walimjibu wengi, na mimi niko upande wa waliomjibu. Kwenye kliniki niliwaona watu hawa wakikataa matibabu, wakibadilisha dozi, wakigombana na daktari kwa hoja nzito kuliko zake. Uraibu hauifuti akili ya mtu asubuhi hadi usiku.

Lakini kuna saa. Mtu mwenye arosto, mwili unadai dawa, anatoka jasho, tumbo linamkata, pua zinamtiririka, huyo ukimwekea fomu yenye kurasa nyingi na noti pembeni ataisaini hata kama imeandikwa kwamba atakatwa mguu. Na mtu aliyetoka kutumia sasa hivi, kichwa kinaanguka kifuani, naye haelewi unachomsomea. Hapo ndipo ridhaa inapoharibika, na haiharibiwi na ukubwa wa posho. Inaharibiwa na mtafiti mwenye haraka. Tulipokuwa tukipitia maombi, nilikuwa nikisisitiza mambo yaleyale hadi wenzangu wakayajua kwa moyo: mhojaji afundishwe kuzitambua hali hizo mbili, mshiriki akija hivyo apewe miadi mingine na nauli yake, asifukuzwe, kabla ya kusaini aeleze kwa maneno yake mwenyewe utafiti unahusu nini na anaweza kujitoa vipi, na posho ihesabiwe kwa kila hudhurio, isifungwe yote mwishoni. Hilo la mwisho ni zito. Ukimwambia mtu maskini kwamba atapata kila kitu akimaliza mwaka na asipomaliza hapati kitu, umemfunga kamba, na haki yake ya kujitoa imebaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo kabla hujaenda kushtaki, kaa na kaka yako akiwa ametulia, umuulize. Walipomsomea fomu alikuwa katika hali gani? Wamempa nakala? Waliacha akatae swali lolote bila kukatwa posho? Akipatikana na maambukizi watampeleka kwenye tiba, au watachukua majibu waondoke? Akikujibu vibaya kwenye hayo, nenda ukashtaki, na uende kwenye kamati ya maadili iliyoidhinisha. Jina lake liko kwenye fomu. Akikujibu vizuri, basi kaka yako amefanya kazi halali na kulipwa.

Barua ya pili

Shangazi, heshima yako. Mimi ni mhojaji katika utafiti wa watu wanaojidunga. Kila mshiriki akimaliza tunampa kuponi tatu awape wenzake, na kila mwenzake anapokuja, yeye analipwa tena. Wiki hii nimesikia kuponi zinauzwa. Halafu akaja kijana anatetemeka, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliyempa kuponi yuko nje anamsubiri wagawane posho, na asipofanya hivyo atamkoma. Nilimhoji, nikamlipa, akatoka. Sijalala vizuri. Msimamizi wangu anasema hayo ni mambo yao wenyewe.

Mhojaji

Shangazi:

Si mambo yao wenyewe. Kuponi ni ya kwenu.

Nianze na kwa nini mbinu hii ipo, maana nayo si mbaya kwa asili yake. Watu wanaotumia dawa za kulevya hawana orodha unayoweza kuchagulia sampuli. Sheria inawafanya wajifiche. Ila wao kwa wao wanajuana. Mwanasosholojia wa Marekani Douglas Heckathorn aliieleza mbinu hii mwaka 1997, akiwa ameitumia kwa watu wanaojidunga katika jimbo la Connecticut: mshiriki analipwa mara mbili, mara moja kwa kushiriki na mara nyingine kwa kumleta mwenzake, na kuponi ni chache ili mtu mmoja asijaze utafiti na kundi lake. Imewafikia watu ambao kliniki haikuwahi kuwaona.

Malipo ya pili ndiyo yenye mwiba. Mwaka 2008 Greg Scott, aliyekuwa akifanya kazi mitaani kwa karibu na watumiaji wa Chicago, alichapisha maelezo yanayofanana sana na barua yako: kuponi zinauzwa na kununuliwa, wenye nguvu wanawatumia wanyonge. Makala yake ilizua ubishi mkali miongoni mwa watafiti. Mimi ubishi ule uliniachia jambo moja: ukimlipa mtu kwa kumleta mwingine, umemfanya bosi wa huyo mwingine, nawe unawajibika na ubosi huo. Heri utafiti uchukue muda mrefu zaidi kuliko kuwa na kijana wa namna hiyo kwenye kiti chako.

Kijana mwingine akija hivyo, usiifungue dodoso. Mpe maji, mkae faragha, umuulize kama leo anataka kushiriki kwa hiari yake. Akisema hapana, mlipe nauli ya kuja, kwa sababu amekuja. Akisema ndiyo, muulize angependa alipweje: kwa simu, siku nyingine, au sasa hivi atokee mlango mwingine. Yeye anamjua anayemsubiri kuliko unavyomjua wewe, kwa hiyo mfuate anavyoona ni salama. Polisi usiwaite kwa pupa. Siku wakionekana mlangoni penu, siri mliyowaahidi washiriki wote imevunjika, na mnyonge huyo ndiye atakayelipizwa. Ila kama kuna mtu anapigwa, hapo unaita msaada bila kungoja.

Kisha mwandikie msimamizi wako, kwa barua yenye tarehe, bila kutaja jina la kijana. Mtafiti mkuu analazimika kuitaarifu kamati ya maadili kuhusu madhara kama haya, na akishapokea maandishi hawezi kusema hakujua. Pendekeza malipo ya kuleta wenzake yapunguzwe yawe madogo kuliko ya kushiriki, yalipwe siku tofauti, na kila anayekuja aulizwe faragha kama alishinikizwa. Msimamizi akikwambia sayansi itaharibika, mkumbushe kwamba imeshaharibika: aliyetumwa kwa vitisho anajibu chochote ili amalize atoke, na majibu hayo yanaingia kwenye takwimu zenu.

Barua ya tatu

Shangazi, natumia, na sioni sababu ya kukuficha. Nimeshiriki tafiti kadhaa. Kwenye kituo kimoja tulipewa posho nusu ya ile waliyopewa watu wa utafiti wa kisukari, chumba cha jirani, muda uleule, sindano ileile ya damu. Tulipouliza, tukaambiwa, "Ninyi mkipewa nyingi mtajiua." Matokeo hatujawahi kuyaona. Je, tuna haki ya kudai chochote, au tushukuru?

Wa Chumba cha Pili

Shangazi:

Mna haki, mwanangu, na nimeumia kuisoma barua hii.

Mwongozo wa mwaka 2016 wa CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, ulioandaliwa kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, unasema washiriki warudishiwe gharama zao na wafidiwe muda na usumbufu. Saa yako moja na saa moja ya mwenye kisukari ni sawa. Sindano inauma sawa. Kulipa nusu kwa sababu ya ulivyo ni ubaguzi, hata ukisemwa kwa sauti ya huruma. Ripoti ya Belmont niliyoitaja juu iliiweka haki kuwa miongoni mwa misingi yake mitatu, pamoja na kumheshimu mtu na kumtendea mema.

Hofu ya mtu kuzidisha dozi siibezi. Nimewafunika shuka watu waliokaa muda bila kutumia, mwili ukapoteza uhimilivu wake wa dawa, wakarudi kwenye kipimo cha zamani. Lakini hofu hiyo ina majibu yasiyogusa mfuko wako: kituo kikupe naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dozi, na kukufundisha wewe na wenzako kuitumia, mhojaji akuulize kama unataka posho yote leo au kwa mafungu, na kama umetoka kuacha karibuni mkae mlizungumze hilo kabla hujaondoka. Anayekata posho na hatoi naloksoni hakulindi.

Na wapo wanaodhani mnakuja kwa pesa tu. Craig Fry na Robyn Dwyer wa Australia waliwauliza watu wanaojidunga sababu za kushiriki, wakachapisha mwaka 2001. Pesa ilitajwa, ndiyo, lakini pia kutaka kuwasaidia wengine, kutaka sauti yao isikike, na kutafuta taarifa na msaada. Wewe mwenyewe umeniandikia kuhusu matokeo ambayo hukuyaona. Mtu wa pesa tu asingeyauliza.

Huko Vancouver, Kanada, watumiaji wana chama chao, VANDU, tangu miaka ya 1990. Katika mtaa wao wa Downtown Eastside watafiti walikuwa wengi hata watu wakachoka kuhojiwa. Mwaka 2018 wakazi walikaa vikao, wakaandika masharti yao kwa watafiti, yakatolewa mwaka 2019: mtafiti aeleze yeye ni nani na anataka nini, watu wa mtaa washiriki kuupanga utafiti, kazi yao ilipwe, na matokeo yarudi kwao kwa lugha wanayoielewa. Hawakungoja kualikwa.

Kwa hiyo mkae, wewe na wale wa chumba chako. Andikeni ukurasa mmoja: mlilipwa kiasi gani, chumba cha jirani walilipwa kiasi gani, mliambiwa nini, na mnataka nini. Ombeni tofauti ilipwe. Ombeni muhtasari wa matokeo. Ombeni utafiti ujao uwe na wawili kati yenu kwenye timu, kwa mshahara, wakiwa na neno kuhusu posho kabla ombi halijafika kwenye kamati. Si lazima mtaje majina yenu. Nakala moja iende kwa mtafiti mkuu, nyingine kwa kamati ya maadili. Anwani na simu zao ziko mwishoni mwa fomu ya ridhaa, na kama hamkupewa nakala ya fomu, hilo nalo liandikeni, tena liwe la kwanza.